Kabaka Mpya Hupatikanaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Urithi wa Kiti cha Buganda

Kila mwaka Julai inapoelekea ukingoni, Waganda hujiandaa kuadhimisha tarehe 31, siku aliyotawazwa Kabaka wao mwaka 1993. Maswali nayo huanza: nani atamrithi, nani anachagua, kwa nini mtoto wa kwanza hatajwi? Majibu mengi yanayozunguka mitandaoni ni ya kubahatisha, na mengine yanaifanya mila hii ionekane kama ugomvi wa mali wa familia moja. Haya hapa ni maswali yanayorudi zaidi. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yana mengi ndani yake.

Buganda ndiyo Uganda?

Hapana. Buganda ni ufalme ulio ndani ya Uganda, kaskazini na magharibi mwa Ziwa Viktoria, na jiji la Kampala limo katika eneo lake. Makao ya ufalme ni Mengo. Mfalme huitwa Kabaka. Wa sasa ni Ronald Muwenda Mutebi II, anayehesabiwa kuwa wa 36 tangu Kintu, ambaye Waganda humtaja kama Kabaka wa kwanza.

Je, mtoto wa kwanza wa Kabaka ndiye mrithi?

Siye, na hawezi kuwa. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa cheo cha Kiweewa, na cheo hicho humwondoa kabisa kwenye orodha ya warithi. Yeye ni kaka mkubwa wa watoto wote wa mfalme: husuluhisha magomvi yao, huwasimamia, na sauti yake husikilizwa wakati wa kumtafuta mrithi. Kwa kuwa kiti hakimhusu, anaaminika kusema bila kujipendelea.

Binafsi naona hapa pana busara kubwa. Mahali ambapo mtoto wa kwanza hurithi moja kwa moja, anajua tangu utotoni kwamba kiti ni chake, na walio karibu naye huanza kumzunguka mapema. Buganda mtoto huyo amewekwa kando, na waliobaki hawajui ni nani.

Mara moja tu katika historia ya karibuni mwiko huu ulivunjwa waziwazi. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga II alipinduliwa baada ya kupanga njama ya kuwatelekeza vijana Waislamu na Wakristo kwenye kisiwa ziwani. Waliomwondoa walimweka kitini ndugu yake mkubwa, Kiweewa mwenyewe. Hakumaliza hata miezi mitatu. Kundi la Waislamu lililoshika nguvu lilimtaka atahiriwe, akakataa, akaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake Kalema. Wazee wengi wa Buganda huusoma mkasa huo kama ushahidi kwamba Kiweewa hapaswi kuguswa na kiti.

Wana wa mfalme ni wa ukoo gani?

Bila kulijua jambo hili mengine yote hayaeleweki. Buganda ina koo zaidi ya 50, kila moja na mwiko wake: Nkima ni tumbili, Njovu ni tembo, Mmamba ni kambaremamba, Lugave ni kakakuona, na kadhalika. Mtu wa ukoo hali mnyama au kitu cha mwiko wake, na haoi ndani ya ukoo wake. Muganda wa kawaida hufuata ukoo wa baba. Watoto wa Kabaka huhesabiwa upande wa mama.

Kwa hiyo Kabaka na baba yake wanaweza kuwa wa koo tofauti, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Mutesa I mama yake, Muganzirwazza, alikuwa wa Njovu. Mutesa II alikuwa wa Nte, ukoo wa ng'ombe, kupitia mama yake Irene Namaganda. Mwanawe Mutebi II ni wa Nkima, kwa mama yake Sarah Kisosonkole. Vizazi vinapita na kiti kinahama kutoka ukoo huu kwenda ule bila vita ya koo. Zamani kila ukoo ulitamani kumwoza binti yake kwa Kabaka, maana mjukuu wao angeweza kutawala. Ukoo uliokosa zamu hii ulikuwa na tumaini la zamu ijayo, na hilo liliupa sababu ya kuulinda ufalme badala ya kuubomoa.

Basi nani hasa anamchagua Kabaka?

Hakuna mtu mmoja. Katika desturi ya kale, kabla ya mikataba ya wakoloni, uamuzi ulikuwa mikononi mwa wakubwa wachache wa serikali: Katikkiro, ambaye ni waziri mkuu, Kimbugwe, mtunzaji wa kitovu cha mfalme, kilichoitwa pacha wake, na Kasujju, mlezi wa wana wa mfalme. Walishauriana na wakuu wengine, na baada ya kukubaliana Kasujju alikwenda kuwaleta vijana.

Kasujju hutoka ukoo wa Lugave na ndiye mkuu wa jimbo la Busujju. Wana wa mfalme walikuwa chini ya uangalizi wake kwa miaka yote, kwa hiyo alizijua tabia za kila mmoja: nani ana hasira, nani mwoga, nani husikiliza. Siku ilipofika aliwapanga mstari mbele ya watu, akamshika aliyechaguliwa na kumtangaza. Kisha akawageukia waliobaki na kuwaambia kwamba anayetaka kupigania kiti apigane sasa hivi. Asipojitokeza mtu, mambo yalikuwa yamekwisha, na atakayenyanyua mkuki baadaye ni mwasi. Mahali pengine kinyongo hufichwa kikaoza. Huku kilipewa nafasi ya kusema hadharani, mara moja, kikafungwa.

Je, Kabaka anaweza kumtaja mrithi wake kabla hajaondoka?

Anaweza kuonyesha anayempenda. Haina maana atakubaliwa. Suuna II alimpenda mwanawe Kajumba, kijana mwenye nguvu nyingi, na alitaka wakuu wamkubali. Suuna alipofariki mwaka 1856, katika safari ya kurudi kutoka vita vya Kiziba, sehemu ambayo leo ni mkoa wa Kagera, wakuu wakiongozwa na Katikkiro Kayiira walimwacha Kajumba na kumchukua kijana mwingine, Mukaabya. Huyo ndiye aliyejulikana baadaye kama Mutesa I.

Kwa hiyo ukisikia mtu anadai ana hakika ya jina la Kabaka ajaye kwa sababu tu ameona mtoto fulani ameketi karibu na baba yake kwenye sherehe, usimwamini. Mila haiendi hivyo.

Kabaka anapofariki, nini hufanyika kwanza?

Moto unazimwa. Kwenye lango la jumba la kifalme la Mengo huwaka moto uitwao Ggombolola, na mtunzaji wake, Musolooza, haruhusu uzimike maadamu Kabaka yu hai. Kabaka akifariki, Musolooza anauzima, na tangazo kwa watu ni kwamba moto wa Buganda umezimika, au kwamba Kabaka ameondoa mkono kwenye ngao. Neno la kufa halitumiki kwake. Ukiandika habari kuhusu Buganda, tafadhali liheshimu hili, hata kama wewe si Muganda. Kutolizingatia ni sawa na kuingia msibani ukiwa umevaa viatu vya matope.

Mazishi hayafanyiki hadi mrithi apatikane. Maiti ya Kabaka haizikwi bila mtu wa kuifunika, na anayeifunika ni mrithi.

Kumfunika Kabaka kwa mbugu kuna uzito gani?

Uzito wote. Mbugu ni nguo inayotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba. Gome huchunwa, huchemshwa, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao hadi linakuwa laini na pana, na rangi yake ni nyekundu ya udongo. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngonge tangu zamani, na UNESCO iliitambua mwaka 2005. Waganda huvalia mbugu kwenye misiba na kwenye kusimika warithi, hata wa familia za kawaida.

Mrithi wa Kabaka huletwa mbele ya mwili wa baba yake na kuufunika kwa mbugu. Tangu hapo anajulikana kuwa ndiye. Bado hajatawazwa, lakini hakuna mwingine anayeweza kudai nafasi hiyo, kwa sababu tendo hilo halifanywi mara mbili kwa marehemu mmoja.

Ndiyo maana mwaka 1971 una maana kubwa sana. Mutesa II alifariki London tarehe 21 Novemba 1969 akiwa uhamishoni, na serikali ya Milton Obote ilikuwa imefuta falme zote kwa katiba ya 1967. Idi Amin, yuleyule aliyeongoza jeshi kuvamia jumba la Mengo Mei 1966, baada ya kuchukua madaraka aliruhusu mwili urudishwe. Mapema Aprili 1971 Buganda ilimzika Kabaka wake kwenye makaburi ya kifalme ya Kasubi, na kijana Ronald Mutebi, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 16, akafanya tendo la mrithi. Hapakuwa na ufalme kisheria wala kiti cha kukalia, lakini koo zilikuwa na mtu wao. Alisubiri miaka 22 kutawazwa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyesimama kumpinga. Binafsi sijui ushahidi bora zaidi wa nguvu ya mila hii.

Ssabataka na Kabaka ni vyeo viwili?

Ni mtu mmoja kwa sura mbili. Wakuu wa koo huitwa bataka, na Ssabataka ni mkuu juu yao wote. Mutebi alikuwa Ssabataka tangu 1971, akawa Kabaka alipotawazwa 1993. Serikali ilipofuta ufalme ilifuta kiti cha Kabaka. Koo haikuziweza, na mkuu wa koo akabaki.

Naggalabi iko wapi, na kwa nini Kabaka atawazwe huko badala ya ikulu?

Naggalabi ipo kwenye kilima cha Buddo, nje kidogo ya Kampala upande wa magharibi, ukishika barabara ya Masaka. Ukiwauliza watu njia watakutajia shule maarufu ya King's College Budo, iliyofunguliwa kwenye kilima hichohicho mwaka 1906.

Kwa simulizi za Buganda, hapo ndipo Kintu alipomshinda Bemba, mtawala katili aliyeitwa pia Musota, yaani nyoka, na ushindi huo ndio ulioanzisha utawala wa Makabaka. Kila Kabaka mpya hurudi mahali pale na kuupitia upya mwanzo wa ufalme. Hafanyi hivyo kwa maneno peke yake. Kuna pigano la maigizo ambalo lazima alishinde, kisha hulala usiku kilimani ndani ya nyumba iitwayo Buganda. Nyumba hiyo ina mtunzaji wake, Semanobe, ambaye kazi yake ni kukilinda kilima na taratibu zake. Katika mpango huu Kabaka anaingia kama mgeni, anapokelewa, anajaribiwa, na ndipo anatoka akiwa mwenyeji.

Zana za siku hiyo ni kiti cha enzi kiitwacho Nnamulondo, mkuki na ngao, ngozi ya chui, nguo za mbugu na ngoma za kifalme ziitwazo Mujaguzo. Kabaka huapa kuilinda Buganda na kuhukumu kwa haki. Ngoma zikipigwa watu wanajua kwamba nchi imepata mwenyewe.

Mugema ni nani, na kwa nini anaitwa baba wa Kabaka?

Mugema ni mkuu wa ukoo wa Nkima na kwa cheo ni mkuu wa jimbo la Busiro, ambako kuna makaburi ya Makabaka wengi. Ndiye anayemvisha Kabaka mpya nguo ya mbugu na kuifunga fundo mabegani. Anapofanya hivyo humkumbusha kwamba yeye Mugema ni baba yake tangu enzi za Kimera, Kabaka wa tatu, na kwamba anapaswa kumsikiliza.

Watu wengi hulipita hili haraka na kukimbilia picha za taji. Mimi ningekaa hapa kwa muda mrefu zaidi. Kabaka baba yake wa kumzaa ameshaondoka. Nchi nzima inampigia magoti. Mtu mmoja tu ana haki ya kusimama mbele yake na kumwita mwanangu, na mtu huyo hakuchaguliwa na Kabaka, wala Kabaka hana uwezo wa kumfuta na kuuweka ukoo mwingine mahali pake. Ni hivyo pia kwa Kasujju wa Lugave, kwa Semanobe, kwa Musolooza, kwa wapigaji wa Mujaguzo, kwa mafundi wa mbugu wa Ngonge. Kila mmoja ana kipande chake na hakuna anayeweza kufanya cha mwenzake. Kabaka akitaka kutawazwa lazima apite mikononi mwao wote. Mwenye haraka ataona ni sherehe ndefu. Mimi naona ni nchi inayomwambia mfalme wake, hatua kwa hatua, kwamba amefanywa na watu.

Wanawake wana nafasi gani?

Kiti chenyewe hupewa mwanamume, lakini sherehe haikamiliki bila wanawake watatu au zaidi wenye vyeo.

Wa kwanza ni Lubuga, dada wa Kabaka kwa baba, ambaye huchaguliwa kati ya mabinti wa mfalme aliyetangulia na kusimikwa pamoja na kaka yake. Watu wa nje humchanganya na mke wa Kabaka. Siye. Mke wa Kabaka huitwa Nnaabagereka, na wa sasa, Sylvia Nagginda, aliolewa mwaka 1999, miaka sita baada ya mumewe kutawazwa, kwa hiyo hakuwa na sehemu katika siku ya Naggalabi.

Kuna pia mabinti wa mfalme wenye cheo cha Nnaalinnya, wanaosimamia makaburi ya kifalme.

Na kuna Namasole, mama wa Kabaka, ambaye habari zake zinastahili nafasi zaidi. Mwanawe akishika kiti, yeye hupewa jumba lake, watumishi wake na heshima yake. Desturi ya zamani ilitaka asikae kilima kimoja na mwanawe, na kijito kipite kati ya makao yao, kwa kuwa wakubwa wawili hawakai mahali pamoja. Tena haruhusiwi kuolewa. Mwaka 1941 Irene Namaganda, mama wa Mutesa II, aliolewa tena na mtu wa kawaida, kwa ridhaa ya viongozi wa Kanisa la Anglikana. Buganda ilichafuka. Akapoteza cheo chake, na Katikkiro Martin Luther Nsibirwa, aliyeiunga mkono ndoa hiyo, akalazimika kujiuzulu. Ninamhurumia sana mama yule. Alikuwa mjane kijana. Lakini kisa hicho kinaonyesha jinsi cheo cha Namasole kilivyokuwa cha nchi nzima kuliko cha mtu anayekishika. Namasole akifariki, ukoo wake hutoa mwanamke mwingine kushika nafasi.

Waliokosa kiti hufanyiwa nini?

Siku hizi hawafanyiwi chochote. Wanaishi maisha yao na wengine wana kazi kubwa ndani ya ufalme. Zamani haikuwa hivyo, na si vizuri kuuficha ukweli huo. Mutesa I alipoingia, ndugu zake wengi waliuawa ili asipatikane wa kumpinga. Kalema alifanya vibaya zaidi mwaka 1889: aliua wana na mabinti wa mfalme pamoja na Kiweewa aliyekuwa ameshaondolewa. Mwanga aliokoka kwa sababu alikuwa nje ya nchi. Alikuwa amekimbilia kusini mwa ziwa, kwanza Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, kisha kwa wamisionari wa Bukumbi karibu na Mwanza, na kutoka huko akajipanga na kurudi kitini.

Ninayasema haya kwa sababu wapo wanaosimulia mila hii kama kwamba ilikuwa amani tupu. Taratibu za koo zilikuwa kinga dhidi ya umwagaji damu, na kinga ilipozidiwa, damu ilimwagika.

Waingereza walibadilisha nini?

Walibadilisha jambo moja kubwa. Mkataba wa Buganda wa 1900, kifungu cha 6, uliweka kwamba Kabaka achaguliwe kwa kura nyingi za Lukiiko, yaani baraza la Buganda; kwamba atoke miongoni mwa wazao wa Mutesa tu; na kwamba jina lipelekwe kwa serikali ya Uingereza likubaliwe. Ghafla neno la mwisho likawa London. Kasujju na Mugema waliendelea na kazi zao, ila sasa kulikuwa na mhuri juu ya mkono wa Mugema.

Mwaka 1953 gavana Andrew Cohen alimwondoa Mutesa II na kumpeleka Uingereza, akidhani kwamba atachaguliwa Kabaka mwingine. Waganda walikataa. Hakuna aliyekuwa tayari kumtafuta mrithi wa mtu ambaye moto wake bado haujazimika. Oktoba 1955 Mutesa alirudishwa.

Je, mtoto mdogo anaweza kuwa Kabaka?

Ndiyo, na imetokea. Mwanga alipoasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897, mwanawe Daudi Chwa aliwekwa kitini akiwa amemaliza mwaka mmoja tu. Walezi watatu walitawala kwa niaba yake: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Alishika madaraka kamili mwaka 1914 alipofikisha miaka 18. Mutesa II naye alirithi Novemba 1939 akiwa na miaka 15 na kutawazwa tarehe 19 Novemba 1942, siku alipotimiza miaka 18.

Dini ina sehemu gani?

Kabla ya wageni, Waganda walikuwa na ibada zao, na Naggalabi ina mizizi huko. Uislamu uliingia kupitia wafanyabiashara wa pwani waliofika katika enzi ya Suuna, miaka ya 1840, na Kiswahili kikaja nao hadi barazani kwa Mutesa I, ambaye alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Kalema alikuwa Mwislamu na kuitwa Rashid. Wanaodhani kwamba Kabaka lazima awe Mkristo wanakosea; ni kwamba Makabaka wote wa karne ya 20 wamekuwa Waanglikana. Mutebi II ni Mwanglikana pia. Sala za kanisa zimeongezwa kwenye siku ya kutawazwa, lakini hazijachukua nafasi ya mbugu ya Mugema.

Makabaka huzikwa wapi?

Wanne wako Kasubi, Kampala: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Mwanga alifariki Ushelisheli mwaka 1903 na mabaki yake yakarejeshwa 1910. Wa kabla yao wengi wako Busiro. Mutesa I ndiye wa kwanza kuzikwa mwili mzima. Kabla yake taya la Kabaka lilitengwa na kutunzwa katika nyumba yake maalumu. Nyumba kuu ya Kasubi, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Katikkiro anapewa Ddamula kisha anakimbia nayo. Ni sehemu ya kutawazwa?

Ni tendo jingine, ingawa linafuata mantiki ileile. Ddamula ni fimbo ya mamlaka ambayo Kabaka humkabidhi Katikkiro anayemteua. Akishaipokea anakimbia nayo, watu wakimlinda, kuonyesha kwamba hataruhusu inyang'anywe. Charles Peter Mayiga alifanya hivyo Mei 2013.

Sheria ya Uganda inasemaje?

Falme zilirudishwa Julai 1993, na katiba ya 1995, ibara ya 246, inakubali viongozi wa kimila palipo na mila na matakwa ya watu. Halazimishwi mtu kumtii kiongozi wa aina hiyo, naye haruhusiwi kujiunga na siasa za vyama wala kushika madaraka ya serikali. Sheria nyingine ilifuata mwaka 2011. Uchaguzi wa mrithi wenyewe umeachwa kwa mila.

Falme za jirani zinafanya vivyo hivyo?

Zinatofautiana sana. Busoga humchagua mfalme wake, Kyabazinga, kutoka miongoni mwa watemi wa kurithi, na baada ya Henry Wako Muloki kufariki 2008 mabishano yalichukua miaka hadi William Gabula Nadiope IV alipotawazwa 2014. Tooro ilipata mfalme wa miaka mitatu, Oyo, mwaka 1995. Ankole haikurudishiwa ufalme: John Barigye alitawazwa Novemba 1993 na serikali ikaubatilisha utawazo huo.

Utaratibu uliokuwa karibu zaidi na wa Buganda kwa roho yake ni ule wa ufalme wa zamani wa Rwanda. Huko siri ya mrithi ilikuwa kwa abiru, watunza taratibu za ufalme. Mutara III Rudahigwa alipofariki Bujumbura Julai 1959, Wabelgiji walidhani watakuwa na la kusema. Tarehe 28, kwenye mazishi Mwima, Nyanza, jina la Ndahindurwa likatangazwa kaburini mbele yao, akawa Kigeli V.

Naweza kutembelea Naggalabi na Kasubi?

Zote hupokea wageni. Kasubi iko ndani ya jiji na ni rahisi kufika. Naggalabi inataka nusu siku kwa sababu ya foleni ya barabara ya Masaka. Wanawake wavae sketi ndefu au wajifunge kitambaa, viatu vivuliwe kabla ya kuingia nyumba ya makaburi, na usipige picha ndani kabla ya kumwuliza mwenyeji wako. Mlipe anayekutembeza, kisha mpe muda wa kusimulia kila cheo na ukoo wake. Ukimharakisha utaona majani ya paa na utayakosa yote haya.